Mvua Zimehama, Siku ya Mwaka Ibaki

Mwishoni mwa Julai kila mwaka wanaume wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hugawanyika pande mbili, wa kaskazini na wa kusini mwa mji, wakakutana uwanjani kuchapana kwa mabua ya migomba. Wanawake waliovaa nguo zao bora huzunguka wakiimba nyimbo za kejeli ambazo siku nyingine zingewafikisha kwa sheha. Mabua yakilainika na hasira zikiisha, kibanda cha makuti hutiwa moto. Mzee aliyeingia ndani hutoka mbio kabla paa halijaanguka, na macho ya watu hufuata moshi kuona unaelekea wapi, kwa kuwa huko ndiko, wanasema, heri ya mwaka itakakoelemea. Wengine hushuka pwani kuoga. Hii ndiyo Mwaka Kogwa, Nairuzi ya Waswahili, sikukuu ambayo asili yake haimo katika Uislamu wala Ukristo, na ambayo huandikwa magazetini kwa habari ileile kila mara: mgeni rasmi alikuwa nani, watalii walikuwa wengi, ngoma ilinoga. Lisiloulizwa ni hili: kuna maana gani kuukaribisha mwaka mpya wa majira katika zama ambazo majira yenyewe hayaji kwa wakati?

Wapo watakaosema haina maana tena, na hoja yao ina uzito. Sikukuu za aina hii, ziwe za Makunduchi, za Waoromo wanaokusanyika ziwani Bishoftu kushukuru mvua zinapokwisha, au za wapagani wa kisasa wa Ulaya wanaokesha kungoja jua la Juni, zote zimesimama juu ya imani moja: kwamba dunia ina mwendo unaorudi. Mvua ya mwaka huu itarudi mwakani, pepo zitageuka, samaki watakuja. Mwendo huo ukivunjika, kinachosherehekewa ni kumbukumbu ya kitu kilichokwisha kufa. Mimi naona kinyume chake. Siku iliyowekwa katika hesabu ndiyo inayoweza kutuonyesha kwamba vitu vingine vimesogea, na jamii inayoiacha siku hiyo inajinyima kipimo saa ileile inapokihitaji. Moshi wa kibanda sitautetea. Natetea hesabu iliyo nyuma yake.

Tuanze na kilichobadilika, maana malalamiko kuhusu "mvua za siku hizi" ni ya kale, na wazee wa kila kizazi wameyasema. Safari hii vipimo vinawaunga mkono. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010, jambo lililowatatiza wanasayansi kwa kuwa hesabu za kompyuta zao zilikuwa zikibashiri ongezeko. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Aprili 2023 watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba kupanda kwa joto la dunia kuliongeza uwezekano wa ukame huo wa mashamba mara 100 hivi. Ukame ulipoisha, maji yakaja kwa fujo. Vuli ya 2023, iliyotiwa nguvu na El Niño pamoja na joto la maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliuporomoshea mji wa Katesh, Tanzania, tope la Mlima Hanang tarehe 3 Desemba. Masika ya 2024 yalikuwa yameua watu 155 nchini Tanzania kufikia mwishoni mwa Aprili, kwa takwimu alizozitoa bungeni Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, kwenye pwani ambayo hatukuzoea kuihesabu miongoni mwa njia za vimbunga.

Karibu zaidi na Makunduchi ushahidi uko majini. Huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kwa ajili ya soko kilianza mwaka 1989, wanawake wamekuwa wakiiona kotonii, aina yenye bei nzuri, ikifa maji ya kaskazi yanapopata joto kupita kiasi. Mwani huo huanza kuwa mweupe kwenye matawi, hulainika, kisha hukatika kambani na kuchukuliwa na mkondo, na kazi ya bamvua kadhaa ikaenda hivyo. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo huvumilia joto kiasi lakini bei yake haimlipii mtu jasho lake. Wengine wanajaribu kupeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ambako mwanamke asiyejua kuogelea huingia kwa hofu. Hawa hawahitaji kusomewa ripoti ya Umoja wa Mataifa ili waamini kwamba bahari imebadilika. Wanachokosa ni mahali pa kuyaweka wanayoyaona, ili ya mwaka huu yalinganishwe na ya mwaka juzi bila kutegemea nani anakumbuka vizuri.

Nairuzi iliwahi kuwa mahali hapo. Haikubuniwa kwa ajili ya ngoma. Ni kalenda ya siku 365, iliyofika kwetu pamoja na biashara ya Uajemi na Ghuba, nayo hugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za ziada. Mkulima alijua mwongo wa kufyeka na mwongo wa kupanda, na nahodha alijua mwongo ambao kusi hukaza hata jahazi lisithubutu kutoka. Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15, alizitaja nyakati za safari za Bahari ya Hindi kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Wavuvi wa Ghuba nao wana hesabu ya jamaa moja na hii, durur, inayokwenda kwa makumi tangu kuchomoza Suheli mwezi Agosti. Sababu ya kuwa na hesabu kama hizi inaeleweka na kila Mwislamu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, na Ramadhani huyazunguka majira yote kwa miaka 33 au karibu yake. Ni kalenda ya ibada, haikuwekwa kwa ajili ya jembe na tanga. Aliyetaka kulima au kusafiri ilimbidi awe na ya pili.

Msomaji makini atanikamata hapa. Kalenda ya siku 365 isiyojua mwaka mrefu nayo huteleza, siku moja kila miaka minne, siku 25 hivi kwa karne. Ndiyo maana Nairuzi ya Wairani, walioirekebisha hesabu yao, huangukia Machi 20 au 21, ya Waparsi wengi wa India huwa katikati ya Agosti, na ya Makunduchi Julai. Miaka 150 iliyopita ya kwetu ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Kama kipimo chenyewe kinatembea, kitapimaje? Kitapima kwa sababu kinatembea kwa mwendo unaojulikana. Mwongo uliomfaa babu kupanda mtama haukuwa sawasawa na wa mjukuu wake, walipishana kwa siku kumi na zaidi. Kwa hiyo kila kizazi kililazimika kukaa, kuilinganisha hesabu na nyota ya Kilimia, upepo na mawingu, na kuamua upya. Anayedhani kwamba mila hii ni ukaidi wa kushikilia ya kale haijui. Kusahihisha kumo ndani yake tangu mwanzo.

Hata dola kubwa ya Kiislamu ilisahihisha. Katika karne ya tisa Nairuzi ilikuwa imeteleza huko Iraki hadi ikawa inatangulia mavuno, na kodi ya ardhi, iliyokuwa ikianza kudaiwa siku hiyo, ikawa inawakuta wakulima hawana kitu ghalani. Mwaka 895 Khalifa al-Mu'tadid akaamuru isogezwe mbele hadi Juni 11. Angeweza kuifuta kwa hoja kwamba ni ya Wamajusi, na wanazuoni wa kumuunga mkono asingewakosa. Alichoona ni kwamba siku na shamba zimeachana, akazirudisha pamoja. Tatizo letu ni gumu kuliko lake. Kuteleza kwa kalenda kuna kanuni, ukiijua unaongeza siku zinazopungua na mambo yanakaa sawa. Kuyumba kwa majira ya leo hakuna kanuni ya namna hiyo: mwaka mmoja masika hayaonekani, mwaka unaofuata yanabomoa madaraja. Masahihisho ya kila kizazi hayatoshi tena. Yanahitajika ya kila mwaka, na ya kila mwaka hayawezi kukaa kichwani mwa mtu.

Kazi ambayo siku ya aina hii inaweza kufanya imeonekana vizuri zaidi Japani. Ziwa Suwa, katika mkoa wa Nagano, huganda wakati wa baridi kali. Barafu inapotanuka na kusinyaa hupasuka kwa kishindo na kuinua tuta refu juu ya ziwa, na wenyeji huamini kwamba hiyo ni njia ya mungu dume anayevuka kwenda kwa mungu jike ng'ambo ya pili. Tangu mwaka 1443 makuhani wa Shinto wamekuwa wakiandika kama ziwa liliganda na lini. Hawakuwa na kipimajoto wala hawakuandika kwa ajili ya sayansi. Walitaka kujua kama mungu amepita, na kutokana na njia yake wabashiri mavuno. Leo kumbukumbu yao ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za barafu duniani. Inaonyesha kwamba katika miaka 250 ya mwanzo ziwa lilikosa kuganda mara tatu tu, na kwamba kati ya 2005 na 2014 pekee lilikosa mara tano. Miaka ya karibuni tuta la barafu limekosekana msimu baada ya msimu. Na bado, katika baridi ya Januari, kuhani na wenzake huenda ukingoni alfajiri, hupima maji, huandika kwamba hakuna barafu, na kurudi nyumbani. Tukio limekosekana ila kazi ya ibada haijasimama, na pengine daftari hilo halijapata kuwa na thamani kama sasa, linapoandikwa "hakuna".

Kyoto wana mfano wa furaha zaidi. Tarehe za kuchanua kwa maua ya micheri zimekusanywa kutoka shajara za wafalme na watu wa kasri walioandika karamu zao za kutazama maua, kuanzia mwaka 812. Tarehe 26 Machi 2021 maua hayo yalifikia kilele mapema kuliko mwaka wowote uliokuwamo katika kumbukumbu hizo za miaka 1,200. Waliokula na kunywa chini ya miti hiyo hawakujua kwamba wanatunza takwimu. Huko Uingereza wapagani wa kisasa wana duara la sikukuu nane, lililoungwa katikati ya karne ya 20 kutokana na vipande vya kale. Watafiti wakiongozwa kutoka Cambridge walionyesha mwaka 2022 kwamba maua ya kwanza ya mimea ya nchi hiyohiyo yalitokea kati ya 1987 na 2019 karibu mwezi mzima mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya hapo. Jua la Juni limebaki na siku yake. Vinavyomea chini yake ndivyo vilivyokimbia. Ushahidi huo pia ulitoka kwa watu wa kawaida, watunza bustani na wapenda mazingira, wenye desturi ya kuandika jambo lilelile kila mwaka.

Zanzibar pingamizi la kwanza litakuwa la dini, na ni haki liwe la kwanza. Wapo wanaoona kwamba moto wa kibanda ni masalia ya Wamajusi, na kwamba kinachofanywa kwenye mizimu kabla ya sherehe ni shirki isiyo na mjadala. Sina mamlaka ya kutoa fatwa na sitajaribu. Nasema tu kwamba kuhesabu siku na kutambika ni mambo mawili, na hilo la kwanza limekuwa mikononi mwa Waislamu wema kwa karne nyingi, manahodha na maimamu waliosali sala tano na kujua leo ni mwongo wa ngapi. Dini yenyewe haikuyaacha majira yapite bila ibada, ndiyo maana kuna sala ya kuomba mvua. Wakristo nao hivyohivyo: tarehe 14 Februari 2023, ukame ukiwa umekaza, Wakenya walikusanyika Uwanja wa Nyayo pamoja na Rais William Ruto kwa siku ya kitaifa ya kuombea mvua. Mtu anayeamini kwamba kukutana kwa ajili ya mvua ni jambo la washenzi itabidi awaeleze watu wengi kuliko wa Makunduchi. Asiyetaka kuusogelea mzimu asiusogelee, akae kwenye mkeka wa hesabu.

Wengine watauliza kwa sauti ya kisasa: tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, tuna setelaiti, utabiri uko kwenye simu, moshi wa makuti wa nini? Kuhusu moshi nimekwisha sema sina utetezi. Mwishoni mwa Julai upepo wa Unguja ni kusi, aghalabu moshi utakwenda upande wa kaskazini, na halihitaji mganga kulijua hilo. Lakini utabiri wa kitaalamu nao una upungufu wake. Hutolewa kwa maeneo mapana na kwa lugha ya uwezekano, na mkulima asiyeuamini hataufuata hata ukiwa sahihi. Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, walilishughulikia tatizo hili. Kuanzia mwaka 2008 hivi, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kituo cha kikanda cha ICPAC na Chuo Kikuu cha Maseno walikaa na ukoo wa Nganyi, waleta mvua mashuhuri, ambao husoma msimu kwa kutazama miti inavyopukutisha na kuchanua, wadudu, ndege na mwenendo wa upepo. Kila upande ulileta ubashiri wake, wakalinganisha, wakatoa mmoja wa pamoja, na habari ikashuka vijijini ikiwa na vinywa viwili vinavyoaminika. Wataalamu hawakutakiwa waamini kwamba Wanganyi huleta mvua. Walitakiwa wakubali kwamba watu hao wamekuwa wakitazama sehemu moja kwa vizazi.

Pingamizi zito kuliko yote halisemwi na masheikh wala na wataalamu, nalo ndilo linalonisumbua. Imani za kale kuhusu mvua, majira yakiharibika, hutafuta mwenye kosa. Mchumi Edward Miguel alichunguza Wilaya ya Meatu, Tanzania, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya mvua zisizo za kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, yalikuwa karibu maradufu ya miaka mingine. Ukiweka matokeo hayo karibu na makadirio ya mvua za miaka 30 ijayo utaona kwa nini mtu anaweza kusema: tuziache mila hizi zife haraka. Bibi wa Meatu hakuchoma makaa ya mawe. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia nne ya hewa ukaa ya dunia, na kumfanya mwanakijiji aamini kwamba jua limewaka kwa sababu ya macho mekundu ya jirani yake ni dhuluma mara mbili: anauawa asiye na hatia, na walio na hatia hawatajwi.

Hatari hiyo ni ya kweli, na sikukuu yoyote ya majira inayogeuka jukwaa la kutafuta mchawi, au la kuwalaumu wasichana kwa mavazi yao, haistahili mtetezi. Hata hivyo mauaji ya namna ile hayazaliwi mchana uwanjani. Huzaliwa katika minong'ono, pale ambapo msimu umekwenda vibaya na hakuna mahali pa wazi pa kuzungumza umekwenda vibaya kiasi gani, wapi pengine, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kijiji kinachojua kwamba mvua ilikosekana vilevile wilaya ya pili na ya tatu, na kwamba bahari ilikuwa na joto mwaka mzima, kina jibu la kumpa anayekuja na jina la bibi. Makunduchi wana faida nyingine hapo. Chuki za mwaka mzima huletwa mbele ya watu wote, chini ya jua, na silaha inayoruhusiwa ni bua la mgomba. Waliobuni utaratibu huo walijua kitu kuhusu binadamu.

Kuhusu watalii nitasema machache. Wageni si tatizo, desturi yenyewe hutaka kila nyumba ya Makunduchi iwe na mgeni siku hiyo, na hoteli za pwani ya mashariki zinakidhi sharti hilo kwa ziada. Mtu anaweza kunong'ona kwamba ndege iliyomleta mgeni mmoja kutoka Ulaya imetoa moshi unaozidi kwa mbali wa kibanda cha makuti, na atakuwa amesema kweli. Ninachoogopa ni kingine. Siku ya Mwaka ikianza kuchaguliwa kwa kuangalia ratiba ya mgeni rasmi au mwisho wa wiki unaowafaa wenye mabasi, hesabu imekufa, na kilichobaki ni onyesho la mieleka. Huko Mombasa, ambako Siku ya Mwaka iliwahi kuadhimishwa kwa kuchinja ng'ombe na kulisha mji, vijana wengi leo hawaijui hata kwa jina. Haikupigwa marufuku. Ilipungua kidogo kidogo baada ya watu kuacha kuitegemea kwa lolote.

Kwa hiyo naomba irudishiwe kazi. Asubuhi ya Nairuzi, kabla ya mgomba wa kwanza kukatwa, wazee wenye hesabu, wavuvi, wakulima wa uwandani, wanawake wa mwani, mwalimu mmoja na ofisa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakae pamoja. Iandikwe masika yaliingia mwongo gani na yakakatika mwongo gani, mchoo ulinyesha au haukunyesha, kusi ilikaza lini, kotonii ilianza kufa bamvua ipi, visima gani viliingia chumvi. Kila jambo liwekwe kwa mwongo na kwa tarehe ya kalenda ya ofisini, ofisa alete vipimo vya mvua vya kituo kilicho karibu, na pale vipimo vinapopingana na kumbukumbu za watu, yaandikwe yote mawili bila mtu kuona haya. Ya mwaka uliopita yasomwe kwa sauti kwanza. Mambo ya namna hii yakiachiwa mradi wenye wafadhili hufa mradi ukiisha, kwa hiyo daftari likae kwa wazee wa Makunduchi, na nakala yake ipelekwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Wizara inayoshughulikia utamaduni Zanzibar haihitaji sheria mpya kwa hili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa haihitaji mtambo mpya. Linahitajika daftari la jalada gumu, na ofisa mmoja wa kusafiri kutoka mjini hadi Makunduchi, mwendo usiofika kilomita 70. Nairuzi ijayo ni Julai, na wazee wanaojua miongo kwa moyo bado wapo. Wafuatwe wakiwa hai.